Mama Honi na Gari la Chanjo Lililovuja

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na nane na miezi minne ya utumishi, dereva wa gari la chanjo la kituo chetu cha afya atakabidhi funguo na kustaafu rasmi. Sisi tumezoea kumwita Mama Honi. Wageni hudhani ni mpenda makelele, kumbe tulimpa jina hilo kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia akipiga honi. Mbuzi akilala barabarani, yeye husimama, hushuka, humwomba mbuzi apishe, kisha safari inaendelea.

Alianza kazi akiwa msafishaji wa wodi. Dereva wa wakati huo alipoumwa mgongo, mganga mkuu aliuliza kikaoni nani ana leseni, na mkono pekee ulionyooshwa ulikuwa umeshika fagio. Wanaume kadhaa walicheka. Wiki ya pili walikuwa wakigombania kiti cha mbele.

Mimi ni muuguzi wa chanjo na nimesafiri naye miaka kumi na tisa, ndiyo maana nimebebeshwa kalamu hii. Ningeweza kuorodhesha safari zake zote, lakini naona Jumamosi moja inatosha kumwelezea.

Siku moja kabla yake, Ijumaa, tulikuwa tukirudi kituoni usukani ulipoanza kuwa mzito na kulia kila tulipokata kona. Fundi mkuu wa karakana alifungua boneti, akakuta mafuta mekundu ya usukani yametapakaa kila mahali, akatoa hukumu palepale: pampu imekufa, na mpya itachukua wiki tatu kufika. Surua ilikuwa imeingia kijiji cha mlimani, na Jumatatu watoto mia moja na arobaini walikuwa wanatusubiri.

Siku hizo kituo hakikuwa na uzio, hivyo gari lililala nyumbani kwa Mama Honi. Jumamosi asubuhi nilikwenda kumpa pole, nikamkuta amelala chali akitandaza maboksi chini ya injini. Mumewe, fundi cherehani, alikuwa ameketi kwenye usukani na kandambili zake, amekakamaa kama anayepigwa picha ya kitambulisho.

"Shemeji," aliniambia, "mimi nilioa mke mmoja tu. Hili gari ni nyongeza."

Mama Honi alikuwa ameshaongeza mafuta yaliyopungua na kufuta pampu na mipira yote inayopitisha mafuta kwa matambara na sabuni hadi ikakauka. Kisha akachukua poda ya mjukuu wake na kuinyunyiza kote. Alimwambia mumewe awashe injini na azungushe usukani taratibu, kushoto na kulia, bila kuulazimisha mwishoni. Yeye akainama juu ya injini na tochi na kioo kidogo cha kujitazamia. Pampu ilibaki nyeupe pepepe. Lakini kwenye ncha ya mpira unaorudisha mafuta, karibu na kibano kinachoushikilia, mstari mwekundu ulijichora ndani ya poda.

"Pampu haijafa," alisema. "Imesingiziwa."

Alizima injini, akakaza kibano, tukapongezana. Akawasha tena. Baada ya robo saa, boksi lilikuwa na tone jekundu. Mama Honi akakaa juu ya ndoo, akafuta macho kwa kiwiko. Sikuwa nimewahi kumwona hivyo.

"Wale watoto wanasubiri," alisema, kisha akainuka.

Injini ilipopoa aliuchomoa ule mpira. Ncha yake ilikuwa imekauka na kupasuka, hata ungeukaza mwaka mzima usingeziba. Mumewe akaja mbio na kipande cha mpira wa bustani.

"Huo ni wa mchicha, baba watoto. Haya mafuta yatautafuna."

Akatumwa dukani kwa baiskeli, akarudi na mpira halisi wa mafuta na vibano viwili vipya. Mama Honi alifunga, akajaza mafuta, akainua magurudumu ya mbele kwa jeki na kuyaegemeza imara, kisha akazungusha usukani huku na huku injini ikiwa imezimwa, mpaka mapovu ya hewa yakaisha. Alipowasha, kile kilio hakikuwapo. Tulisubiri saa nzima. Boksi jipya likabaki kavu.

Nilipanda kiti cha mbele kwa majaribio. Akaniteremsha.

"Usukani ukitaka kunigomea, unigomee nikiwa peke yangu."

Alipanda na kushuka mlima ule mara mbili bila abiria hata mmoja, kabla hajakubali kubeba watu.

Jumatatu alimfuata mganga mkuu kabla ya yeyote kumsemea. Mganga mkuu alikuja juu.

"Nani alikuruhusu kugusa gari la kituo?"

"Hakuna, daktari. Ndiyo maana nimekuja kusema mwenyewe."

Fundi mkuu akaitwa akague. Alikaa chini ya gari muda mrefu mpaka tukadhani amesinzia. Alipotoka alijipangusa mikono, akasema mbele yetu sote, "Mimi niliangalia mafuta yalikomwagikia. Yeye ametafuta yanakotokea. Gari liende."

Tulikwenda. Tuliwachanja watoto wote mia moja na arobaini, na watatu zaidi ambao hawakuwa kwenye orodha. Mganga mkuu alimwandikia barua mbili siku ileile: ya onyo na ya pongezi. Mama Honi alizitia zote fremu.

Tangu hapo fundi mkuu hakufunga boneti ya gari lolote kabla ya kumwuliza maoni, na madereva watano wamejifunza kwake kukagua gari kila asubuhi. Hajawahi kupata ajali hata moja.

Naomba nimalizie kwa ungamo. Mimi ni mwoga wa barabara. Kwenye magari mengine hukaza mguu sakafuni kana kwamba breki iko upande wangu. Katika gari la Mama Honi nilikuwa nikilala usingizi mzito, kona zote za mlimani, nikiamshwa na sauti yake tu: "Tumefika, mwenzangu."

Asante, Mama Honi, kwa kila mara uliyotufikisha. Pumzika vizuri na baba watoto, na siku zako zilizobaki ziwe nyingi, zenye afya na kicheko.