Nusu Sahani kwa Abeid

ATHANAS: Haloo? Nani mwenzangu? Namba siijui.

RAHEL: Ni mimi, Rahel. Natumia simu ya Yasmin, yule mwalimu mwenzangu. Bando langu limekata.

ATHANAS: Aa, dada. Shikamoo.

RAHEL: Marahaba. Watoto wazima?

ATHANAS: Wazima kabisa. Umesharudi kutoka Dodoma? Baba alisema una semina mpaka kesho.

RAHEL: Semina... imeahirishwa. Yeye kashafika hapo Matombo?

ATHANAS: Bado. Gari lake huwa linamshusha hapo barabarani saa kumi na mbili hivi. Kliniki ya sukari unaijua foleni yake, anashinda huko.

RAHEL: Naijua. Na mguu wako? Aliniambia umeteguka ndiyo maana hukumsindikiza.

ATHANAS: Mguu? Unaendelea. Unauma-uma tu.

RAHEL: Mbona unahema?

ATHANAS: Nimepanda huku juu kwenye migomba, si ndiko mtandao unakoshika vizuri.

RAHEL: Umepanda.

ATHANAS: Polepole, dada.

RAHEL: Haya, kaa chini sasa. Nimemwona Baba leo.

ATHANAS: Hospitali?

RAHEL: Kwa Abeid.

ATHANAS: (mtandao unakwaruza) —beid gani?

RAHEL: Abeid, nyuma ya soko. Yule anayeuza aisikrimu na faluda na keki.

ATHANAS: Dada, Baba ana kisukari.

RAHEL: Najua kwamba ana kisukari, Athanas.

ATHANAS: Basi umemfananisha. Baba hali hotelini. Pasaka si ulimwalika tukale wote pale mjini, akasema mafuta ya hoteli yanamvuruga tumbo? Tukala bila yeye.

RAHEL: Alivaa ile suti ya kahawia. Ya harusi yako.

ATHANAS: Hapa kaondoka alfajiri na shati lake la kila siku, na kikapu.

RAHEL: Basi suti ilikuwa kwenye kikapu.

ATHANAS: Alikuwa peke yake?

RAHEL: Hapana. Ngoja nikuambie toka mwanzo, usinikate. Yasmin kapandishwa cheo, mwalimu mkuu msaidizi, kwa hiyo katuita walimu watatu tukale kitu kitamu. Shule zimefungwa, tuna nafasi. Tukakaa karibu na friji. Saa nane hivi mlango ukafunguliwa, akaingia Baba na mama mmoja wa makamo, kitenge cha bluu, kilemba kimefungwa vizuri. Nikasema moyoni labda wamepotea. Yule mhudumu hakuwauliza wanataka nini. Alivuta kiti akasema, "Mzee Severini, leo mmechelewa."

ATHANAS: Anamjua jina.

RAHEL: Jina, kiti, na chai anayokunywa. Ya rangi, bila sukari, mdalasini mwingi.

ATHANAS: Na wewe ukainuka ukamsalimia.

RAHEL: Niliinua menyu.

ATHANAS: Uliinua nini?

RAHEL: Menyu. Nikajiziba uso. Yasmin ananiuliza nasoma nini muda wote huo, menyu yenyewe ina vitu tisa.

ATHANAS: Sasa wewe ujifiche kwa nini? Mwenye kujieleza si yeye?

RAHEL: Athanas. Mimi nilikuwa Dodoma.

ATHANAS: Aa.

RAHEL: Alinipigia Jumatatu, akaniuliza kama anaweza kujinyoosha kwangu kidogo baada ya kliniki, kabla ya gari. Nilikuwa nimechoka, nguo zimejaa za kufua, shemeji yako ana wageni. Semina ikanitoka mdomoni yenyewe. Halafu nikaipamba. Nikamwambia mpaka chakula cha huko kibaya.

ATHANAS: Kakupa pole?

RAHEL: Kanipa pole. Na wewe ulivyoteguka alikupa pole?

ATHANAS: ...Mguu uliniuma kweli. Siku ya kwanza.

RAHEL: Sikulaumu. Nakusimulia tu.

ATHANAS: Endelea. Huyo mama ni nani?

RAHEL: Anaitwa Angelina. Fundi cherehani, ana nyumba yake Kihonda, mjane. Yeye pia ana sukari, walikutana kwenye foleni. Lakini hayo nilikuja kuyajua baadaye. Wakati ule niko nyuma ya menyu naona mikono tu. Wakaletewa kikombe kimoja cha aisikrimu na vijiko viwili. Nikasema sasa huyu mama ndiye atamuua baba yetu. Baba akachota kijiko kimoja, kidogo, akala taratibu huku kafumba macho. Alipotaka kurudia, yule mama akafunika kikombe kwa kiganja. Hakusema kitu. Baba akaweka kijiko chini.

ATHANAS: Akaweka chini?

RAHEL: Mara moja. Wewe ukimwondolea sukari mezani anakufanyaje?

ATHANAS: Hali nami siku mbili.

RAHEL: Mimi namtumia zile sauti za daktari wa kwenye WhatsApp kila Jumapili. Ananijibu na dole gumba.

ATHANAS: (anacheka kidogo) Na mimi ananijibu hivyo hivyo. Sasa alikuonaje?

RAHEL: Mhudumu alikuja kuchukua menyu. Wanazo mbili tu pale, na kulikuwa na wateja wengine. Nikaishikilia, akavuta, nikavuta, Yasmin akasema mwachie mwenzako. Nikaiachia. Baba yuko pale mbele yangu, hatua tatu, ananitazama.

ATHANAS: Mungu wangu.

RAHEL: Nikasimama. Nikasema shikamoo Baba. Akasema marahaba mwanangu. Kisha akamgeukia yule mama, akasema, "Angelina, huyu ndiye Rahel, mtoto wangu wa kwanza. Yule aliyeko Dodoma."

ATHANAS: Alikasirika?

RAHEL: Hakukasirika. Alinitambulisha vizuri kabisa, kama anavyonitambulisha kwa padri.

ATHANAS: Na huyo mama?

RAHEL: Akanipa mkono, akanipa pole ya safari.

ATHANAS: Kwa kejeli?

RAHEL: Sijui. Mpaka sasa nafikiria. Akanivutia kiti, nikakaa. Baba akainuka kwenda kunawa, akachelewa makusudi, unamjua. Ndipo yule mama akaniambia habari za Januari.

ATHANAS: Januari kulikuwa na nini?

RAHEL: Baba alianguka.

ATHANAS: Alianguka wapi? Hapa hajaanguka.

RAHEL: Kliniki. Alitoka huko alfajiri tumbo tupu kwa sababu ya kipimo, halafu mvua, gari likakwama njiani. Dawa yake akawa keshameza. Kufika kwenye foleni sukari imeshuka mno, akaanza kutoka jasho, akaenda chini. Angelina alikuwa nyuma yake. Alitoka mbio kumnunulia soda, akamnywesha yeye mwenyewe, kichwa kakilaza kwenye mapaja yake, pale pale sakafuni. Manesi walipouliza namba ya ndugu, Baba akasema ana watoto wawili, wote wana shughuli.

ATHANAS: (mtandao unakwaruza) —ria niliku—

RAHEL: Haloo?

ATHANAS: Nasema Januari nilikuwepo. Nilikuwa hapa hapa nyumbani.

RAHEL: Na mimi nilikuwa kwangu, nusu saa kwa miguu toka kliniki.

ATHANAS: Sasa waliandika namba ya nani?

RAHEL: Ya Angelina. Mpaka leo kwenye kadi yake, ndugu wa karibu ni Angelina. Nimeiona kadi.

ATHANAS: Endelea tu.

RAHEL: Siku ile alipopata nafuu, yule mama hakumwacha apande gari na njaa. Akampeleka kwa mama lishe nje ya hospitali. Daktari alikuwa kawaambia wote wawili wapunguze kula, basi wakaagiza sahani moja, wakagawana nusu kwa nusu. Mwezi uliofuata wakarudia sehemu nyingine. Toka hapo kila kliniki wanakwenda mahali papya. Athanas, wamekula mji mzima. Ndizi nyama Mafiga, samaki Msamvu, pilau la kule Mji Mpya ambalo mimi mwenyewe nalisikia tu. Na sahani ni moja. Wahudumu wengine wananuna, wengine wamezoea. Kwa Abeid wanamalizia, kijiko kimoja kimoja.

ATHANAS: Na hapa anatuambia mjini hakuliki. Anarudi anaomba uji.

RAHEL: Anaomba uji kwa sababu keshashiba.

ATHANAS: Mke wangu anamwonea huruma, anamkorogea na karanga.

RAHEL: Sukari yake imeshuka, unajua? Mwaka jana ilikuwa kumi na nne. Leo saba. Nilidhani ni zile sauti za daktari.

ATHANAS: Haya. Nimekuelewa. Mzee kapata rafiki wa kula naye. Si vibaya.

RAHEL: Athanas.

ATHANAS: Nini?

RAHEL: Wanafunga ndoa Agosti.

ATHANAS: Ndoa ya wapi?

RAHEL: Ya kanisani. Keshaongea na padri.

ATHANAS: Padri anajua?

RAHEL: Padri anajua, nesi anajua, mhudumu wa Abeid anajua. Tulibaki mimi na wewe.

ATHANAS: Subiri. Subiri kwanza, dada. Hapa tulipo ni ardhi ya ukoo wa mama. Mama hajatimiza miaka minne kaburini. Wajomba wakisikia kuna mwanamke mwingine analala kwenye ile nyumba, mimi nitawaambia nini? Wewe uko mjini, watakaonijia ni mimi.

RAHEL: Hatalala hapo.

ATHANAS: Atalala wapi sasa?

RAHEL: Kwake, Kihonda. Baba ndiye anayehama.

ATHANAS: Anahama Matombo?

RAHEL: Amesema hivyo hivyo unavyosema wewe. Ardhi si yake, ni ya ukoo wa mama na ya watoto wake, hataki kukuletea maneno. Atakuachia migomba na mdalasini vyote. Atachukua redio, kitanda na nguo zake.

ATHANAS: Kitanda kile alikitengeneza yeye.

RAHEL: Ndiyo maana.

ATHANAS: Kwa hiyo anakuja kuwa jirani yako.

RAHEL: Dakika kumi kwa bodaboda. Nikamwambia, basi Baba, sasa utakuwa unakuja kwangu kila mara. Unajua alinijibuje? Alisema nisiwe na wasiwasi, hatakuja bila kupiga simu kwanza. Nikala keki waliyoniagizia, yote, Athanas. Sijui hata ilikuwa ya nini. Yasmin kwenye meza ile nyingine ananiashiria vipi, mimi nakula tu. Yule mama akanisogezea leso ya karatasi.

ATHANAS: Ulimwambia nini Baba?

RAHEL: Nilimwambia hongera. Ilitoka vibaya, kama mtu anayesoma. Akasema asante. Kisha akaniomba kitu kimoja, nisikuambie. Anataka akuambie mwenyewe leo jioni.

ATHANAS: Sasa mbona umeniambia?

RAHEL: Kwa sababu nakujua. Angekuambia ghafla, ungeanza na wajomba.

ATHANAS: Nisingeanza na wajomba.

RAHEL: Umeanza nao sasa hivi.

ATHANAS: (anavuta pumzi) Hivi dada, huyo mama yukoje lakini? Mtu mzuri?

RAHEL: Nilimtafuta ubaya saa nzima. Anaongea sana habari za vitambaa, basi. Ila alinishangaza kwa jambo moja. Aliniuliza Baba hupenda kulalia ubavu gani, maana akisinzia kwenye foleni shingo humuuma. Sikujua. Wewe unajua?

ATHANAS: Sijui. Mama angejua.

RAHEL: Ndiyo.

ATHANAS: Dada, gari hilo. Naliona linakata kona kule chini.

RAHEL: Usimwonyeshe kama unajua.

ATHANAS: Nitaweza wapi? Ngoja niteremke, usikate. (mtandao unakwaruza) —ashuka. Kavaa shati lake la kila siku. Kikapu kiko kichwani kwa kondakta, Baba anakipokea.

RAHEL: Anaonekanaje?

ATHANAS: Mzima tu. Anaongea na kondakta, wanaagana kwa mikono miwili. Ngoja. (kwa mbali) Shikamoo Baba... Pole na safari... Nipe hicho kikapu... Naongea na simu tu... Baba, mwezi ujao kliniki nitakwenda nawe. Tutoke wote alfajiri.

RAHEL: Athanas? Kasemaje?

ATHANAS: Subiri, apite kwanza.

RAHEL: Yasmin ananionyesha saa hapa, anataka simu yake. Kasemaje?

ATHANAS: Kashukuru. Kasema nisijisumbue, sasa ana mtu.

RAHEL: Kakuambia kwa uchungu?

ATHANAS: Hapana. Kanishika bega. Kasema niendelee na kazi zangu.

RAHEL: Mfuate ndani. Mfuate, akae chini, akuambie. Usimkatize.

ATHANAS: Nimefika mlangoni. Kaurudishia.

RAHEL: Gonga basi.

ATHANAS: Anaongea na simu humo ndani. Anamwambia mtu kwamba kafika salama.

RAHEL: Gonga, Athanas. Dakika zinakwisha hizi, Yasmin keshaniambia —

ATHANAS: Anacheka, dada. Baba anacheka humo, sijamsikia hivi tangu —

RAHEL: Tangu nini? Athanas? Haloo? ... Yasmin, imekata.