Wa Tisa Katika Kundi la Mbio

Mshonaji alikaa basini nyuma ya abiria wawili, na masikio yake hayakuwa na kazi nyingine. Mbele yake kijana mwenye magongo alikuwa akimsimulia mama asiyemjua jinsi alivyoumia goti akikimbia.

"Daktari kanipa wiki sita za kupumzika, mama. Ila sikati tamaa. Kila asubuhi najiambia mimi ni mzima." Alisema hivyo kama mhubiri, huku amekunja uso kwa maumivu.

"Na wenzako wa mbio?"

"Wanajua niko nao. Ile saa ya kuhesabu hatua nimemvalisha mke wangu. Hatua zinaingia kwenye kundi letu la simu kwa jina langu, na kundi linatupanga kwa wingi wa hatua."

"Kumbe naye anakimbia?"

"Hapana, yeye yupo tu nyumbani. Anafua, anateka maji, anapeleka watoto shule."

Mshonaji akasogeza kichwa mbele, asije akapitwa.

"Ulipokuwa mzima, mwanangu, kwenye kundi ulikuwa wa ngapi?" mama akauliza.

"Wa tisa."

"Na sasa?"

Basi likasimama. Kijana akayakusanya magongo yake polepole kuliko goti lilivyodai.

"Wa kwanza," akasema, akashuka.