Zuurakan wa Kinu cha Kumush-Tash

Ndugu waombolezaji, majirani wa mitaa yote miwili ya Kumush-Tash, nanyi mliopanda basi tangu alfajiri, familia imemtuma Mambetaly, mdogo wa mume wa marehemu, asimame mbele ya hema hili alimolazwa na kuwasomea habari za maisha yake.

Marehemu Zuurakan Ishenalieva alizaliwa tarehe 3 Aprili 1949 katika kambi ya wachungaji ya Ak-Tektir, akiwa mtoto wa nne kati ya saba, na Kinu cha kusagia mawe ya madini, ambacho hatuwezi kukiruka tukamsimulia yeye, kilianza kujengwa alipokuwa na miaka mitatu, kikashuka mlimani ghorofa kwa ghorofa kama ngazi, mawe yaingie juu na unga wa madini ya risasi na zinki utoke chini, kikawashwa tarehe 7 Novemba 1956, siku ambayo mbuzi wa mama yake walitimua mbio na mmoja hakurudi hadi leo.

Alisoma Ak-Tektir hadi mwaka 1963, akamaliza shule hapa mwaka 1966, kisha akapata mafunzo ya ufundi mjini kwa mwaka mmoja, ambako alifeli hesabu mara moja, jambo alilolitangaza mwenyewe kila alipopata wasikilizaji, kwa hiyo hatutoboi siri.

Tarehe 12 Agosti 1967 aliajiriwa kitengo cha povu, pale unga wa mawe unapochanganywa na maji na dawa ili madini yapande juu na povu, na wakati wenzake wakisubiri majibu ya maabara kwa saa mbili, yeye alichota povu kwa kiganja, akalitazama likipasuka, akasema, "Zinki leo imelala, ongezeni dawa," na wahandisi waliobishana naye walikuja kumpikia chai, na mwaka 1983 akafanywa msimamizi wa zamu.

Tarehe 21 Septemba 1970 alifunga ndoa na Kubatbek, dereva wa lori la mawe, wakajaliwa watoto watatu, Emilbek, Sonunbu na Tynchtyk, na wajukuu saba, na Kubatbek alitutangulia mwaka 1991.

Tarehe 14 Oktoba 1994 umeme wa Kinu ulikatwa, mashine zilizonguruma miaka thelathini na minane zikanyamaza, hata kuku wetu wakagoma kutaga, au ndivyo tulivyodai, na Zuurakan akabaki kuwa mlinzi mwenye ufunguo wa stoo ya dawa. Miaka mitatu baadaye tulikibomoa Kinu kwa mikono yetu wenyewe, tusisingizie wageni, tukauza chuma chake kama chuma chakavu, naye hakutuzuia, hata nyundo alituazima, lakini tulipovunja stoo tukamwaga dawa na kubeba mapipa ya buluu kwenda kuchachushia kabichi za majira ya baridi, alikuja na sururu. Dawa ile ni sumu, lakini hunuka kabichi iliyochacha, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka.

Kuanzia tarehe 22 hadi 26 Septemba 1997 alipita nyumba kwa nyumba akatoboa mapipa arobaini na matatu, na Burulcha, ambaye yuko hapa na ameturuhusu tumtaje, alimzuia mlangoni akisema, "We Zuura, umerukwa na akili? Kabichi za watoto wangu nitie wapi, kwenye kofia yako?" naye akajibu, "Tia, Burulcha, kofia haijaua mtu," akatoboa. Mkamwita Mama Sururu, na katika kila karamu iliyofuata, nyama ilipogawanywa kwa kadiri ya heshima ya kila mtu, sahani yake ilipita tupu.

Karatasi waliyoandika wanawe inatoka hapo moja kwa moja hadi kwenye ugonjwa, lakini msomaji, huyu Mambetaly, ameongeza ukurasa wake.

Pipa la arobaini na nne lilikuwa la Mambetaly, alilificha chini ya nyasi kavu za ng'ombe, na tarehe 19 Novemba 1997 binti yake Aijarkyn, mwenye miaka tisa, alikula kabichi ya pipa hilo akaanguka, pumzi ikamwishia. Zuurakan aliingia, akanusa bakuli, akasimamisha lori barabarani akampakata mtoto kilomita sitini, akamtajia daktari jina la dawa, na daktari alisema baadaye kwamba bila jina lile angekuwa anapapasa gizani. Aijarkyn ndiye yule mwenye kitambaa cha kijani pale kwa akina mama, ana watoto watatu. Waliporudi Mambetaly alimwambia, "Shemeji, nakuomba usiniaibishe," naye akasema, "Nyamaza wewe, katoboe pipa lako." Mji ukaambiwa ni nyama iliyooza, na Mambetaly akakaa karamuni, akala fungu lake, akiiona sahani ya shemeji yake, asiseme neno, kwa miaka ishirini na moja.

Mwaka 2016 aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa moyo, akatibiwa, akapata nafuu, akagombana na kila aliyemkataza chumvi, na Jumatatu tarehe 11 Machi 2019, saa nne asubuhi, aliaga dunia nyumbani kwake.

Familia inamshukuru daktari Jypar na wauguzi wake, majirani waliosimamisha hema na kuleta kuni, na wenzake kumi na mmoja waliobaki wa kitengo cha povu.

Punde imamu atatuuliza, kama desturi yetu, marehemu alikuwa mtu wa namna gani, na sote huitikia "mwema" kwa pamoja, hata kwa mtu tuliyekuwa hatumsalimii. Leo mnaombwa mnyamaze kwanza, Mambetaly ajibu peke yake, kisha kila mmoja wenu ajibu kwa moyo wake.

Shemeji, ulikuwa mtu mwema. Ilinipasa kuyasema haya ungali unasikia. Pumzika.