Chumba Nilichokataa Kupangisha

Bwana apewe sifa, wapendwa! Mimi ndiye Mama Kalinga, mwenye nyumba wa kule Iyunga, yule mkali. Msicheke, najua mnavyoniita. Leo nimesimama kusema jinsi Mungu alivyonitoa kwenye uongo nilioukumbatia kwa sababu ya mapenzi.

Kwetu ni Iringa. Mbeya nililetwa na mume wangu, dereva wa malori. Alijenga nyumba yetu, na nyuma yake safu ya vyumba vinne vya kupangisha. Siku akiwa hana safari alipanda juu akapiga bati mwenyewe. Chumba cha nne alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kukipaua, akaugua, na hakupona. Nikawa mjane na mama mwenye nyumba kwa mpigo mmoja. Na kazi hii ya kupangisha, ndugu zangu, hakuna aliyenifundisha! Choo kikijaa, mimi. Bomba likipasuka, mimi. Wapangaji wakigombania kamba ya kuanikia nguo, mimi.

Vyumba vitatu nikapangisha. Cha nne nikaweka vitu vya marehemu: kitanda, redio, viatu, na koti lake la baridi. Nikafunga kwa kufuli. Kila Jumapili nikitoka ibadani niliingia humo, nikakaa kitandani, nikalishika lile koti. Ndugu zangu, nilimtamani mume wangu! Nilitamani hata kukohoa kwake. Watu husema mjane anazoea. Mimi sikuzoea.

Chumba cha tatu alikaa Mama Atupele, Mnyakyusa anayeuza ndizi sokoni Mwanjelwa, pamoja na mumewe na mtoto wao wa miezi tisa. Mvua zilipokolea akaja kuniambia ukuta wao unalowa, ule unaopakana na chumba cha nne. Nikamjibu, "Mnapikia ndani, ndiyo maana ukuta unatoa jasho." Akahamishia jiko nje, kwenye baridi yetu hii mnayoijua. Ukuta ukaendelea kulowa. Akarudi. Nikamwambia asubiri kiangazi.

Wapendwa, nilikuwa najua! Bati la kile chumba cha nne lilikuwa linavuja, na ndoo nilikuwa nimeitega mwenyewe. Dari ya vyumba vile imeungana, kwa hiyo maji yakitua juu ya mbao yanatembea mpaka kwa jirani. Kila wiki nilimwaga ile ndoo, kisha nikatoka na kumwambia mwanamke wa watu kwamba ni jasho la sufuria zake.

Kwa nini nilifanya hivyo? Kwa sababu fundi angeng'oa yale mabati, na misumari ile aliipigilia mume wangu kwa mkono wake. Vitu vyake vingetolewa nje, nami nilijua vikishatoka sitakuwa na sababu ya kuvirudisha. Nikaona heri ulowe ukuta wa mwenzangu.

Jumapili moja mchana natoka kwenye kile chumba na ndoo mkononi, nikakutana uso kwa uso na Mama Atupele, mtoto mgongoni. Akaitazama ndoo. Nikangoja matusi, maana ningekuwa mimi ningetukana. Hakutukana. Akanishika mkono, akaniingiza kwake, akakiweka kiganja changu ukutani. Maji matupu. Kisha akakiweka mgongoni kwa mtoto. Kifua kilikuwa kinakoroma.

"Mama, nakuheshimu," akasema. "Najua unamlilia baba. Lakini wa kwako Mungu ameshamchukua. Wa kwangu bado anapumua."

Haleluya! Nimekaa makanisani tangu utoto, sijawahi kuhubiriwa namna ile.

Tulimkimbiza mtoto hospitali saa ileile. Ilikuwa nimonia, akalazwa. Siku zile ndugu zangu nilitamani kitu kimoja tu, kumsikia Atupele akilia kwa nguvu. Nikamwambia Mungu, "Bwana, bati ni lako na koti ni lako, mwachie mama huyu mtoto wake." Kesho yake nikamwita fundi. Nilisimama uani nikisikia msumari mmoja mmoja unavyong'olewa, nikalia kama siku ya mazishi. Lakini sikumzuia.

Na mtoto akapona! Msifuni Bwana! Waliporudi, kile chumba cha nne kilikuwa kimekauka na kupakwa chokaa, nikawahamishia humo. Ndimo wanamokaa mpaka leo. Koti nililipeleka Iringa kwa shemeji yangu. Basi liliposimama Igawa, mahali mume wangu alipozoea kushuka kuninunulia mchele, nilimtafuta kwa macho dirishani. Najua ni ujinga. Nilimtafuta hata hivyo.

Ninyi mnaoanza kupangisha, na humu ndani mpo wengi, pandisheni fundi juu kabla ya mvua. Na mpangaji akisema panavuja, nenda kaguse ukuta kabla hujafungua mdomo wako. Mimi nilifungua mdomo kwanza, nusura mtoto wa watu afe.

Namshukuru Mungu, ambaye hakunipiga ingawa nilistahili. Namshukuru Mama Atupele, yule pale nyuma, anayejificha na kitenge. Na wewe uliyefiwa, unayeshikilia kitu kwa nguvu zote, mkabidhi Yesu. Ataumiza mkono wako kidogo akiufungua, lakini hatakuacha peke yako.

Nina ombi moja, ndugu zangu. Msiniombee nimsahau mume wangu, maana hilo silitaki na Mungu anajua. Niombeeni nisimwumize tena aliye hai kwa ajili yake.