Mama Katungu Berthe, muchoraji wa milima ya Luofu

Mama anayesindikizwa leo, Katungu Berthe, alizaliwa Luofu tarehe 14 mwezi wa tatu 1966, mutoto wa tatu katika jamaa ya wakulima wa viazi.

Masomo ya msingi alifanya Luofu, kisha Kayna, ambako alipata diplome ya ualimu mwaka 1986. Alifundisha miaka thelathini na minane. Saa ya kuchora alikuwa anatoa darasa lote inje: «Muangalie ule mulima. Muhesabu rangi za majani.» Mutoto akijibu kijani tu, anamurudisha kuangalia tena. Siku moja walifikisha rangi kumi na moja, na kengele ya kurudi nyumbani ilikuwa imelia zamani.

Tarehe 6 mwezi wa nane 1988 alifunga ndoa na Muhindo Stanislas, mulimaji. Mungu aliwapa watoto wawili. Mwezi wa sita 2024, vita ilipokaribia, Stanislas alimwambia: «Tangulia na bajukuu. Nachimba hivi viazi, nitakufikia Kayna.» Aliuawa ndani ya shamba. Majirani walimuzika palepale. Berthe alipata habari akiwa Alimbongo, juu ya lori, akikimbilia Butembo.

Alipofika Butembo, alianza kuchora shamba lile kwenye vipande vya triplex, zile mbao nyembamba. Wakimbizi wenzake walikuwa wanakuja kukaa mbele ya picha zake. Mwaka 2025, Bwana Ézéchias, aliyetayarisha maonyesho ya picha za mazingira huko Beni, alichagua ile kubwa. Ilikuwa na musalaba mudogo kati ya viazi.

«Mama, batu banachoka na vita. Banatamani kuona majani, bapumue kidogo. Ule musalaba tuutoe.»

«Lakini bwana yangu eko pale.»

«Najua, Mama. Lakini na musalaba, hapana, picha haitapita.»

Berthe aliufunika na rangi ya kijani. Siku ya kufungua, wageni walijipiga picha mbele ya shamba. Mama mumoja akasema: «Mahali kama hapa, mutu analala bila mawazo.»

«Bwana yangu analala pale,» Berthe akamujibu.

Yule mama akacheka, akidhani ni masihara. Picha ilinunuliwa, ikapelekwa mbali. Jamaa hawajui wapi.

Tangu hapo hakushika tena rangi. Presha ilipanda, figo zikachoka. Kitandani alikuwa anamwambia binti yake Solange: «Bengine balimuua. Mimi ndio nilimufuta.» Alifariki Butembo tarehe 3 mwezi wa kumi na moja 2025, saa nne asubuhi. Aliomba azikwe Luofu, kando ya bwana yake. Njia imefungwa, kwa hiyo anazikwa hapa.

Anaacha watoto wawili, Solange na Josaphat, wajukuu watano, na dada yake Rébecca aliyebaki Luofu. Kule reseau ya simu haipite tangu wiki tatu. Rébecca hajajua bado kama dada yake amekufa.

Mungu amupokee Berthe, amupe kupumzika kwa amani.