Mzigo wa Baba Macharia

— Usiniletee mambo ya sheria, Gerishon. Mtoto wako amekataa viazi vya jirani.

— Hajakataa viazi, Kuria. Amesema mzigo haupandi.

— Na mzigo ni nini kama si viazi?

Gerishon akainamia cherehani yake. Duka lake la kushona liko kwenye kona pale Mutuini, na benchi la nje ya mlango halikai tupu. Hapo Nzembi huuza chai ya thermosi. Hapo hukaa Kuria, fundi wa pampu anayeitwa Injinia, na Kisilu, ambaye zamani alilinda geti la uwanja wa ndege wa Wilson na tangu siku hizo ni Kamanda. Waringa, binti Gerishon, alipoajiriwa kurusha ndege ya mizigo, benchi zima lilipanda cheo pamoja naye. Baba yake ndiye aliyemshonea mistari miwili ya mabegani. Aliifumua na kuishona upya, kwa sababu mmoja ulipinda kidogo na hakutaka wenye ndege waseme kitu.

Kwa hiyo Kuria alipotaka kumpelekea mwanawe Macharia gunia dogo la viazi huko Lokichoggio, anakopakua shehena za misaada, hakuona haja ya kuuliza, alimkabidhi Waringa tu. Ukiwa na mtu wako kwenye basi, unampa mzigo, anausukuma chini ya kiti, unafika. Ndege kwake ilikuwa basi lisilopita kwenye mashimo. Lakini asubuhi hiyo Waringa alimpigia baba yake simu kutoka Wilson: mzigo wa Baba Macharia haupandi. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, kwamba ameitwa ofisini.

Hilo la mwisho Gerishon hakumwambia mtu. Binti yake hajamaliza mwezi kazini. Tangu simu ile alikuwa ameshona kola moja tu, nayo imekaa upande.

Nje, benchi lilikuwa likimtafutia Waringa sababu. Kamanda alieleza kwamba viazi hutoka jasho vikifika juu, na jasho hilo hutafuta injini. Nzembi akasema la, shida ni jua. Kule juu liko karibu, vingefika vimeiva na Macharia angedhani ametumiwa makombo. Kamanda hakukubali kushindwa na muuza chai. Akasema ndege hupangwa kama mizani ya duka, hata marubani wawili hawali chakula kimoja, ili upande mmoja usizidi mwingine.

— Sasa weka viazi upande wa Waringa, akamalizia. Ndege si itageukia Uganda?

— Kamanda, wewe ulikuwa unafungua geti, Kuria akamwambia. Mtoto huyu nilimbeba kwa baiskeli yangu kwenda shule. Leo amevaa tai, viazi vyetu vinanuka.

Gerishon aliachilia kitambaa. Alitaka kusema kwamba msichana wake hajawahi kumdharau mtu, lakini teksi ilisimama mlangoni kabla hajapata maneno.

Waringa alishuka na sare yake, akawaamkia wote kwa heshima. Alikuwa amekumbatia gunia. Alipolitua kwenye saruji, lililia kama sufuria.

Shingo zote za benchi ziligeukia gunia.

— Baba Macharia, akauliza, humu ndani kuna nini?

Kamanda, mwenye majibu yote, alichungulia kikombe chake. Nzembi akaifunga thermosi ambayo tayari ilikuwa imefungwa. Kuria aliangalia viatu vyake.

— Ni mtungi mdogo tu wa gesi, hatimaye akasema. Macharia anapikia kuni, na unajua kifua chake. Nikaona viazi vitaufunika.

Waringa hakupandisha sauti. Alieleza kwamba alilipeleka gunia kwenye mizani kama mzigo wa mtu yeyote, na walipolifungua, yeye mwenyewe ndiye aliyeona shingo ya mtungi. Akaulizwa ni la nani.

— Nikasema nimelileta mimi, na silipandishi. Nyuma yetu ndegeni kulikuwa na shehena ya magodoro hadi darini, Baba Macharia. Gesi ikivuja kule juu, hakuna pa kushukia.

Gerishon alikuwa amesimama, sindano ikining'inia kwenye uzi.

— Na ofisini wakasemaje?

— Walinigombeza kwa kubeba gunia bila kuangalia ndani. Halafu rubani mkuu akaniambia kesho nifike mapema, tunaenda Wajir. Amesema anataka kuruka na mtu anayefungua magunia.

Gerishon aliketi. Akatoa kola iliyopinda, akaanza kuifumua. Waringa alimwambia Kuria kwamba viazi alete tena Jumatatu, vitapimwa na kupanda kama mzigo wa mtu mwingine yeyote. Mtungi utafutiwe lori. Kisha akaingia ndani kumpikia baba yake chai, kwa maana ya Nzembi ilikuwa imekwisha.

Kuria alilibeba gunia begani, mtungi ukigonga mgongo wake. Akaenda hatua chache, akarudi, akashika fremu ya mlango.

— Gerishon, akasema, siku nikipanda ndege, niulizie kwanza kama anayeendesha ni huyu wetu.