Mama Kimya na Picha ya Kauboi

Ndugu, jamaa na majirani, kabla hatujanyanyuka kumsindikiza mama yetu, familia inaomba masikio yenu, maana historia hii aliisimamia mwenyewe akiwa na akili zake timamu, akatuambia wazi kwamba tukiruka hata sehemu moja, basi tusisome kitu, tumzike tu na kurudi nyumbani.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Kimya, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1947, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa pili wa seremala na mkunga, na kwa maelezo ya dada yake mkubwa, aliyekaa hapa mbele, alianza kunyamazisha watu kabla hajaota meno ya juu. Alianza shule ya msingi mwaka 1955, akaendelea na sekondari ya wasichana, kisha chuo cha ualimu alikohitimu Novemba 1968, akapangiwa shule iliyo jirani na soko, ambako alifundisha hesabu na kusimamia nidhamu mpaka alipostaafu Desemba 2002, na wapo hapa watu wazima wenye vyeo vyao ambao hadi leo wakisikia neno hilo, kimya, wanakaa wima.

Tarehe 5 Septemba 1970 alifunga ndoa na baba yetu, na hapa ndipo alipoagiza tusome polepole.

Siku tulipomzika baba, tarehe 20 Machi 2011, ilisomwa mbele yenu kwamba baada ya shule alifanya kazi za ofisi, kisha akawa mtunza ghala la hospitali hadi kustaafu. Maneno hayo, kazi za ofisi, aliyaweka mama, baada ya kuufuta mstari ulioandikwa na baba mdogo, kwa sababu aliuonea haya. Baba hakuwahi kukalia kiti cha ofisi, alikuwa mwonyesha sinema katika ukumbi uliokuwa nyuma ya kituo cha mabasi, akishinda ndani ya chumba cha mashine chenye joto la tanuri, akiunganisha mikanda iliyokatika, na wakati wa uchumba alimwalika mama aje japo mara moja atazame naye kupitia kidirisha, akamfutia na kiti kwa leso yake, lakini mama alipita nje na mwavuli wake bila kugeuza shingo. Baadaye alimpa sharti, ni mimi au makauboi wako. Baba alichagua, hakulalamika, ila kila asubuhi akinyoa ndevu alipiga mluzi, wimbo mmoja uleule, na mama akiwa jikoni alimwambia aache uhuni, watoto wanasikia. Picha zile, alisema, zinafundisha uvivu na ngumi, ingawa hakuwahi kuona hata moja.

Ndoa yao ilijaliwa watoto wanne, wa kike watatu na wa kiume mmoja, na wajukuu tisa.

Februari 2019 mama aliteleza bafuni akavunjika nyonga, akafanyiwa upasuaji, akaenda kujiuguza kwa mdogo wetu wa mwisho. Alasiri moja, mdogo wetu akiwa uani anaanua nguo, runinga ilianza kuonyesha picha ya zamani ya kauboi, mama akaita mtu aje aizime, hakusikika, rimoti iko juu ya kabati na mguu haunyanyuki, basi akageukia ukutani kwa hasira. Akiwa bado ameelekea ukutani, akasikia mluzi kutoka kwenye picha. Ulikuwa wimbo wa baba, ukikatika hata palepale katikati alipozoea kuvuta pumzi. Mama akageuka, akamwona bwana mmoja mwembamba akiingia katika mji wa vumbi, akimnywesha farasi wake kabla yeye mwenyewe hajanywa, akikunja blanketi asubuhi kona kwa kona, akimtengenezea mjane uzio bila kudai chochote, na kuongea maneno machache kuliko mlinzi wa shule. Mwanafunzi wa namna hiyo mama alimtafuta miaka yote ya kazi yake. Mdogo wetu aliporudi alimkuta analia, akadhani ni nyonga.

Tangu hapo aliipenda picha ile, tena aliipenda haswa, hata mdogo wetu akamnunulia diski yake awe anaitazama kila alasiri. Aliwajua farasi wote kwa tabia, na mkorofi akiingia ndani ya baa alimkemea, we kijana, vua kofia ndani ya nyumba. Wenzake wa kikundi cha maombi wakibisha hodi aliizima chapuchapu, akadai alikuwa anasikiliza taarifa ya habari, saa tisa alasiri, wakati ambao hakuna taarifa yoyote. Lakini siku moja picha ilipoisha akamwambia mdogo wetu, nilimnyima baba yenu kitu kizuri, halafu nikamnyima hata kutajwa, na sasa sina uso wa kukutana naye.

Moyo wake ulianza kuchoka Juni mwaka 2023, akalazwa mara tatu, na tarehe 9 Mei 2024, saa nane mchana, akatutoka. Jana kwenye kikao wapo waliosema mambo ya ndani yabaki ndani. Tumewaelewa, lakini yeye ndiye aliyetutuma.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, majirani waliopika na kulala nasi, na walimu wenzake. Tunamshukuru pia mzee aliyekuwa akikata tiketi katika ukumbi ule, ambaye siku ya msiba wa baba alisikia hayo ya ofisi, akainamisha kichwa, na bado akashika beleshi. Mama alikuona, mzee wetu. Shikamoo, anakuomba radhi.

Na huu hapa mstari uliofutwa, kama baba mdogo alivyouandika: kuanzia Januari 1964 hadi Agosti 1970, marehemu alikuwa mwonyesha sinema, na kazi yake aliipenda.

Mama, tumesoma yote. Nenda kapumzike kwa amani, ukae naye, kiti alishakufutia.